Maswali na majibu: Mwenye haki huambilika

Sinywi, sizini, fungu la kumi natoa. Mbona mke wangu anasema sina haki mbele za Mungu?

Yule Farisayo wa Luka 18 alikuwa na orodha kama yako, tena alifunga mara mbili kwa juma, na hakurudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Muulize mkeo ni lini alikuonyesha kosa ukalikubali bila kununa. Atakalokujibu ndilo jibu langu.

Biblia imesema msihukumu. Kwa nini mnatusema?

Swali hili haliishi, na kila anayelileta ameishia mstari wa kwanza. Someni Mathayo 7 hadi mstari wa 5. Boriti ikishatoka jichoni mwako, kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu yako nacho kinatolewa.

Nitajuaje kama moyo wangu ni mnyofu?

Acha kuhesabu mema yako. Angalia unafanya nini neno la kweli linapokuchoma.

Yosia, mfalme wa Yuda, alikuwa katika mwaka wa 18 wa utawala wake, mafundi wakitengeneza hekalu kwa amri yake, kitabu cha torati kilipopatikana. Shafani mwandishi akamsomea. Kitabu kile kiliwahukumu watu wake na baba zake. Angeweza kujitetea kwa hekalu alilokuwa akilijenga upya. Hakujitetea, alirarua mavazi yake, akalia, akatuma watu kwa nabii Hulda waulize.

Sasa mtazame mwanawe Yehoyakimu katika Yeremia 36. Ni wakati wa baridi, mfalme anaota moto, anasomewa gombo la Yeremia. Zikisomwa kurasa tatu nne, anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Gemaria mwana wa Shafani alikuwepo, akamsihi asilichome. Hakusikia, wala hakurarua mavazi yake. Huyu ni mtoto wa Yosia! Msitegemee ulokole wa wazazi wenu. Na kuchoma hakukumsaidia kitu: Baruku, mwandishi wa Yeremia, aliandika gombo jingine, na maneno mengi yakaongezwa.

Mchungaji wetu akiulizwa hesabu za kanisa hujibu, "Msiwaguse masihi wangu." Tunyamaze?

Msinyamaze. Maneno hayo ni ya Zaburi 105, na masihi, yaani wapakwa mafuta, inaowataja ni Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni katika nchi za watu, wafalme wakakatazwa kuwadhuru. Daftari la sadaka halimo. Petro alikuwa mtume, na Paulo alimkemea mbele ya wote kule Antiokia, kwa kujitenga na watu wa Mataifa wakati wa kula. Hata hivyo Waraka wa Pili wa Petro unamwita Paulo ndugu mpendwa. Nendeni kwa mchungaji wawili au watatu, kwa heshima, mkiwa na maswali yenu kwenye karatasi. Akiwatisha kwa laana, hameni na watoto wenu mapema, kabla hawajazoea kuamini kwamba kuna binadamu asiyeulizwa.

Nimetangaza kwamba kama kuna niliyemkosea, anisamehe. Haitoshi?

Haitoshi. Mfalme Sauli naye alikiri dhambi yake kwa nabii Samweli, papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Mfalme Daudi alimwambia nabii Nathani kwamba amemfanyia Bwana dhambi, wala hakuweka "kama". Uliyemkosea unamjua. Mfuate kwake, utaje ulichomtendea.