Maswali na Majibu: Kilichopita Mbele ya Mwezi

SWALI: Assalaam aleykum, Bwana Mhariri. Usiku wa mwezi kumi na nne uliopita nilikuwa barazani kwetu Wete na darubini ya macho mawili niliyoazimwa na ami yangu, ambaye huitumia kutazamia ngalawa. Baada ya saa mbili niliona kitu cheusi kikipita mbele ya mwezi, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwa muda wa kama sekunde mbili. Upana wake ulikuwa kiasi cha sehemu moja ya tano ya mwezi, na kilionekana kikitanuka na kujikunja. Kisha, saa nne na robo, kitu kidogo mno, mfano wa punje ya mtama, kilipita kwa mstari ulionyooka, nami sikuwahi hata kupepesa jicho. Kaka yangu anasema ni vyombo vya viumbe wa sayari nyingine vinavyouzunguka mwezi. Dada yangu anasema macho yangu yamechoka. Ni nani aliye sahihi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu msomaji. Neno lililompoteza kaka yako ni hilo la “mbele ya mwezi”. Chochote kilichoko baina ya jicho lako na mwezi, kiwe juu ya mkarafuu wa jirani au maelfu ya kilomita angani, kitaonekana kimepita mbele ya mwezi, kwa sababu jicho peke yake haliwezi kupima masafa ya kivuli cheusi kisichokuwa na kitu cha kukilinganisha nacho. Hata hivyo umetuandikia vipimo viwili vya maana, yaani upana na muda, na kwa hivyo tunaweza kuijaribu dhana ya kaka yako kwa hesabu.

Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474, nao uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400. Kama kitu chako cha kwanza kilikuwa kweli huko mwezini, basi upana wake ulikuwa karibu kilomita 700, ambao ni karibu mara tatu ya masafa ya kutoka Unguja hadi Mombasa, na mwendo wake ulizidi kilomita milioni sita kwa saa. Vyombo halisi vilivyorushwa na binadamu kuuzunguka mwezi kwa karibu huchukua muda wa saa mbili hivi kumaliza mzunguko mmoja, na ni vidogo kiasi kwamba darubini ya ami yako, ambayo kitu cha kilomita kumi mwezini kingeishinda, haiwezi kabisa kuvionesha.

Sasa kigeuze kipimo hichohicho kiwe cha karibu. Kitu chenye upana wa mita moja na nusu, kikiwa umbali wa mita 850 hivi, huziba sehemu moja ya tano ya mwezi. Katika umbali huo mwezi mzima “una upana” wa mita nane tu, masafa ambayo mnyama anayeruka kwa utulivu huyamaliza kwa sekunde moja au mbili. Pemba mnaye mnyama wa namna hiyo, tena hapatikani kwengine duniani: popo wa Pemba, yule anayening'inia kwa mamia pale Kidike, ambaye hutoka wakati wa magharibi kwenda kutafuta matunda na ambaye mbawa zake zikinyooshwa hufika mita moja na nusu au zaidi. Huko kutanuka na kujikunja ulikokuona ni mbawa zinazopiga. (Ninajua kwamba Pemba jina la popo likitajwa usiku huzua mazungumzo mengine, mimi ninamzungumzia huyu anayekula maembe.) Akipita karibu zaidi, katika mita 170, huuziba mwezi kutoka ukingo hadi ukingo, na hapo hata mtu asiye na darubini angeshtuka.

Kitu cha pili ni kigumu zaidi. Hakikupiga mbawa wala hakikupinda, na ndege ya abiria iliyo katika kimo cha kilomita kumi ingeziba karibu theluthi ya mwezi au zaidi, kisha mvumo wake ungekufikia kama nusu dakika baadaye. Anayebaki kushukiwa zaidi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, chenye urefu wa mita 109, kinachoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 400 na kidogo. Kikiwa juu kabisa angani hukata uso wa mwezi kwa nusu sekunde hivi, na ukubwa wake huonekana kama sehemu moja ya thelathini ya mwezi, jambo linalolingana na punje yako ya mtama. Ndege wa pwani arukaye juu sana anaweza kutoa sura kama hiyo, kwa hivyo sikuapii. Lakini umetaja saa, na hilo linasaidia: ziko tovuti zinazokokotoa mapito ya kituo hicho mbele ya mwezi kwa mahali na tarehe unayoitaja, hata zilizopita. Kuwa mwangalifu uandike Wete na si Pemba tu, kwani ukanda wa ardhi unaoonekana pito la namna hiyo huwa na upana wa kilomita chache, na mtu aliyekuwa Chake Chake dakika ileile asingeona kitu.

Kuhusu macho yaliyochoka: vidoa vya ndani ya jicho hukufuata unapoyazungusha macho. Vyako havikufanya hivyo, basi mwambie dada yako akustahi.

SWALI: Je, nuru inayomulika ghafla katika sehemu ya giza ya mwezi mchanga ni ya nini?
Msomaji, Nungwi, Unguja

JIBU: Ikiwa haisogei na inazimika ndani ya sekunde moja, huenda ni kimondo kilichougonga mwezi, ambao hauna hewa ya kukichoma njiani. Tarehe 17 Machi 2013 wanasayansi wa NASA walirekodi mmweko wa jiwe lililokadiriwa kuwa na uzito wa kilo 40 tu. Usiuandike kuwa ni kimondo, hata hivyo, mpaka mtazamaji mwengine aliye mbali nawe awe ameuona mahali palepale na sekunde ileile, kwa sababu setilaiti inayong'arishwa na jua inaweza kumulika vivyo hivyo, ila mwenzako wa Makunduchi hataiona imeuangukia mwezi.