Barua kwa Mwanangu: Siku za Kalafati

Bagamoyo

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Unaniuliza ikiwa timu ya roboti unayoilea huko Michigan iwatengee waandishi wa programu wiki 2 za mwisho wakae na roboti peke yao, au iwaache wakeshe kama walivyozoea. Mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini mimi ni mkalafati, mziba mianya ya mbao za vyombo vya baharini, na kukaa nikisubiri ubao ulio mikononi mwa mwingine nakujua vizuri.

Ulinieleza kwamba zamani mashindano yenu ya roboti za wanafunzi, yaitwayo FIRST, yaliwapa vijana wiki 6 za kuunda, kisha roboti ikafungiwa kwenye mfuko, na kwamba sharti hilo liliondolewa kuanzia msimu wa 2020. Nilicheka, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe siku zilizoongezeka zimeliwa na mafundi wa chuma. Anayefunga kazi ndiye anayelaumiwa; nimekwambia mara ngapi?

Ile jahazi ya mwaka aliozaliwa kaka yako unaijua kwa jina tu, kwani babu yako hakupenda itajwe mbele yangu. Siku ya kuishua ilikuwa imepangwa kwa bamvua, yaani maji makuu ya kujaa, na maji ya bamvua yakikupita unangoja kiasi cha wiki 2 hadi mwezi mwingine mpevu au mwandamo. Fundi seremala alipigilia mbao mpaka jioni ya mwisho, ndipo akaniachia chombo. Nilikalafati usiku kucha kwa mwanga wa karabai, nikisukuma pamba ya mafuta kwenye mianya kwa chembeu, na kufika alfajiri vidole vilikuwa havishiki tena. Ngoma zikapigwa, chombo kikashuka, na kabla ya adhuhuri maji ya ngamani, chini tumboni mwa chombo, yalikuwa yamefika magotini. Watu wakakumba kwa upo huku wakinitazama mimi. Seremala alikuwa kivulini anakunywa kahawa.

Haki isemwe: mbao kavu huvuja siku za mwanzo mpaka zivimbe, na seremala naye mbao zilimchelewa. Pengine ningepewa wiki nzima bado ingevuja. Pengine. Lakini wiki nzima sikupewa, kwa hiyo hakuna ajuaye.

Ndiyo maana hizo wiki 2 zako za mwisho zinanitia shaka, ingawa nawaonea huruma hao vijana kuliko unavyodhani. Siku zinazowekwa mwisho ndizo za kwanza kuliwa, hata ukiziandika ukutani kwa rangi nyekundu. Uliniambia pia kwamba waliijaribu programu kwenye gari tupu lisilo na mkono, nalo likaenda sawasawa, na mkono ulipofungwa likaanza kupinda kushoto, kwa kuwa uzito ulikuwa umebadilika. Basi kujaribu mapema peke yake hakutoshi. Lakini kusubiri mpaka kila kitu kifungwe nako ndiko kulikonifikisha mimi ngamani. Katika ile video ya 2023 uliyonionyesha, roboti ilikuwa na sekunde 15 za kujiendesha yenyewe, pasipo mtoto kugusa usukani, na sekunde hizo zote ni za mwandishi wa programu. Roboti ikigonga ukuta, nani atamtazama mfunga skrubu?

Baada ya jahazi ile, sikukubali tena kungoja chombo kizima. Mbao za chini zikishapigiliwa nilianza kukalafati huku seremala akiwa bado yuko juu, tukagombana kila siku kwa kelele na vumbi, na mara nyingine alibandua ubao niliokwisha kuuziba, nikarudia. Kazi iliongezeka, sikatai.

Ulimi unaniwasha nikwambie la kufanya, lakini nahodha wa chombo hicho ni wewe. Ila kabla hujapanga siku, waulize hao vijana ni kipande gani cha roboti ambacho leo kinatembea na wao hawajapewa wakiguse.

Baba yako