Harufu ya banda la jirani inatuwasha macho, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mi niko Ipuli hapa Tabora, jirani yangu anafuga broila kama mia sita na banda lake limegusana kabisa na chumba wanacholala wanangu. Usiku harufu inakuwa kali mpaka macho yanawasha, na huyu wa mwisho anakohoa. Nimemwambia mara mbili, anasema yeye hasikii kitu. Alafu nimesikia Denmark wafugaji watalipa kodi ya hewa ya mifugo, je huku kwetu sheria ipo? Sitaki ugomvi, watoto wetu wanacheza pamoja.
Mama wa watatu, Ipuli

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Huyo anayekohoa mpeleke kituo cha afya kwanza, usisubiri mambo ya banda yaishe.

Jirani yako hakudanganyi. Inayowasha macho ni amonia, gesi kali inayotoka kwenye kinyesi cha kuku, na anayeshinda nayo kutwa pua yake inaizoea. Mwombe achuchumae bandani alfajiri kabla hajafungua mapazia, kichwa kiwe usawa wa kuku, maana pale chini kwenye maranda ndo inapotokea na kuku wanaivuta usiku na mchana. Wataalamu wengi wanataka isizidi 25 kwa kila sehemu milioni moja za hewa, ikipita hapo kuku wanaumwa macho na kifua, hawakui vizuri, yani anapoteza hela yake mwenyewe, na hapo ndo pa kuanzia mazungumzo.

Mzizi wake ni maji. Kinyesi cha kuku kikilowa na kikapata joto, bakteria wanakigeuza amonia, na joto la Tabora mwezi wa kumi unalijua. Achote maranda kiganjani ayaminye: yakishikamana kama tonge la ugali yamelowa, yakiachia yako sawa. Mara nyingi utakuta vinyweo vinavuja au vimewekwa chini mno kuku wanamwaga, avipandishe vifike usawa wa mgongo wa kuku, atoe yale yaliyoganda aweke makavu, hata pumba za mpunga zinafaa na huku kwetu zipo, na yale mapazia ya viroba asiyafunge mpaka juu, aache nafasi hewa itoke, ila upande usio na dirisha lako. Mbolea anayotoa aifunike na turubai mbali na nyumba na kisima. Amonia inayopotea ni naitrojeni ileile ambayo mwenye bustani anaitafuta.

Ya Denmark ni kweli, walikubaliana 2024 na kodi itaanza 2030, kroner 300 (hela ya Denmark) kwa kila tani ya gesi inayopasha dunia joto, ikipimwa kwa kulinganisha na kabonidayoksaidi. Lakini inalenga zaidi methani, gesi ya ng'ombe anapocheua na ya samadi iliyolowa, inayopasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kabonidayoksaidi. Kuku hacheui. Amonia yenyewe haipashi joto, ila ikitua ardhini sehemu yake inageuka naitrasi oksaidi, gesi inayopasha joto zaidi hata ya methani. Na Ulaya banda la kuku linaanza kudaiwa kibali maalumu cha hewa chafu likizidi kuku 40,000, kwahiyo la jirani yako huko lisingeguswa na sheria hiyo.

Huku kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa haki ya mazingira safi na salama, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inagusa kero kama hii. Mi naona banda kugusana na chumba cha watoto ni kosa hata likiwa safi, mwombe alisogeze kundi hili likishauzwa, wakati liko tupu. Akikataa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, alafu afisa afya wa kata pamoja na afisa mifugo, kisha manispaa. Andika kwenye daftari tarehe na saa kila harufu inapozidi, maana usiku upepo ukitulia ndo inajaa, afisa akija saa sita mchana upepo unavuma anaweza kuondoka akijua unamsingizia jirani.