Thuluthi moja iliyonirudishia faili

Nyie mnaoanza kazi hii ya kunakili rekodi za zamani za besiboli, nianze na aibu yangu. Wiki ya pili kazini nilipewa mechi ya tarehe 26 Mei 1959, Pittsburgh Pirates wakiwa wageni wa Milwaukee Braves. Mrushaji wa Pittsburgh, Harvey Haddix, ameandikiwa iningi (zamu za timu kupiga) 12⅔. Iningi ya timu hukwisha watu watatu wakitolewa, kwa hiyo kila thuluthi ni mtu mmoja. Nikajiaminisha kwamba hapo pana kosa la chapa, nikaweka 12⅓. Faili likarudi siku hiyohiyo na duara jekundu.

Kusema kweli mstari wa matokeo ulikuwa umeshanivuruga. Pittsburgh: mbio (yaani alama) 0, mapigo safi (yanayomfikisha mpigaji kituoni bila kosa la walinzi) 12, kosa 1. Milwaukee: mbio 1, pigo safi 1, makosa 0. Waliopiga mara 12 wamefungwa na waliopiga mara moja! Mkono unawasha kugeuza safu. Utulizeni. Lew Burdette wa Milwaukee alirusha iningi zote 13, akapigwa mara 12, na hakuna aliyefika nyumbani, kituo cha mwisho ambapo mbio huhesabiwa. Haddix naye alitoa wapigaji 36 mfululizo, iningi 12 bila mtu hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza akiwa salama.

Iningi ya 13 iandikeni kwenye karatasi, mtu mmoja mstari mmoja, kama mwenye duka anavyoandika madeni. Félix Mantilla alipiga mpira wa chini, Don Hoak akaudaka lakini akaurusha vibaya kwenda kituo cha kwanza: ndilo lile kosa 1. Eddie Mathews akajitoa mhanga kwa pigo lake ili Mantilla asogee kituo cha pili, mtu wa kwanza katoka. Hank Aaron akapewa kituo bure kwa makusudi. Joe Adcock akaupeleka mpira nje ya uzio.

Mpira ukivuka uzio, waliopo vituoni na mpigaji wote hurudi nyumbani. Ingekuwa 3–0, na aliyetolewa mmoja tu, Mathews. Ndipo nilipoipata ⅓ yangu. Kumbe Aaron alidhani mpira umeangukia ndani na Mantilla ameshaimaliza mechi, akaacha njia ya vituo. Adcock, mbio zake kichwa chini, akampita. Ukimpita mwenzako aliye mbele, umetoka. Huyo ndiye wa pili. Rais wa ligi, Warren Giles, akaamua pigo lihesabiwe la vituo viwili na matokeo yabaki 1–0.

Yote haya ningeyashtukia kwa hesabu ya dakika moja, ambayo nyie muifanye kabla ya kugusa namba yoyote. Wapigaji wote wa timu lazima walingane na mbio, ukijumlisha waliobaki vituoni, ukijumlisha waliotolewa. Milwaukee walisimama 36 na wale 4 wa mwisho, jumla 40. Upande wa pili: mbio 1 ya Mantilla, Aaron 1 aliyeachwa kituoni, waliotolewa 38. Jumla 40. Kwa ⅓ yangu waliotolewa ni 37. Kuna mtu mzima nimempoteza uwanjani.

Safu ya mbio anazolaumiwa mrushaji nayo inaonyesha 0 kwa Haddix. Msiijaze 1 kwa huruma ya hesabu. Mantilla alifika kituoni kwa kosa la Hoak, basi mbio yake haimgusi mrushaji, ingawa mechi kafungwa yeye.

Mtakutana pia na orodha za mechi zisizo na pigo safi. Mwaka 1991 kamati ya ligi kuu iliweka sharti kwamba mechi yenyewe imalizike bila pigo, na Haddix akaondolewa. Kwa hiyo orodha ya zamani inaye, ya sasa haina. Msifute hata moja. Andikeni mwaka wa orodha kwenye safu ya maelezo, mfungue faili linalofuata.