Toa hicho kisikizio kabla hujawasha tuktuk

Kaka wa Malindi, swali lako la kozi ipi ni bora tuliweke kando kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili. Umesema unaendesha tuktuk kutoka Barani hadi mjini, akili haitulii, abiria anashuka na hukumbuki alipandia wapi, usiku hulali kwa kuwaza madeni. Hadi hapo nakuelewa kabisa. Halafu ukaandika kwamba umepata kozi ya wiki nane ya kutuliza akili, na kwa sababu nyumbani kuna watoto na kelele, utaisikiliza barabarani, kisikizio sikio moja, ufuate pumzi huku ukipiga kazi. Watu saba wamekujibu na wote wanakupongeza.

Usifanye. Nakuomba sana usifanye. Mimi nilifanya hivyohivyo.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nina boti ya mashine, nabeba watu na mizigo kati ya Kizingitini na Lamu mjini. Anayeijua njia hii anaujua Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia na kushoto. Maji yakijaa unapita vizuri. Yakipwa, hupiti. Ndiyo maana sisi safari tunazipanga kwa maji, na maji nayo kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua yanajaa sana na kupwa sana, na hapo ukichelewa kidogo tu umekwisha. Mtoto wa kisiwani anayajua haya kabla hajaanza shule.

Mwaka juzi nilikuwa kama wewe. Mkopo wa mashine, ugomvi nyumbani, kichwa kinazunguka. Rafiki akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mwalimu mmoja wa Nairobi anayefundisha watu kuishi katika sasa. Shilingi 6,500 kwa wiki nane. Nisimkatae Mungu, wiki tatu za mwanzo zilinisaidia. Nilikuwa nakaa darini baada ya alfajiri, nahesabu pumzi, na usingizi ukaanza kurudi. Wiki ya nne ndipo alipoleta lile somo lake la "popote ulipo". Maneno yake haya: yanayotokea nje ni kelele, yaache yapite kama mawingu, wewe rudi kwenye pumzi. Nikamuuliza kwenye kundi, na mtu akiwa kazini je, mimi nashika chombo? Akanijibu kwa sauti: "Hasa kazini." Ile sauti ninayo mpaka leo kwenye simu, sijaifuta.

Basi siku yenyewe. Mwezi una siku kumi na sita tangu uandame, bamvua kubwa. Maji yalijaa alfajiri, kwa hiyo Kizingitini ilibidi nitoke saa kumi na mbili asubuhi, nipite Mkanda mapema maji yakiwa bado mengi. Nikatoka karibu saa moja. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimekaa ufukweni namaliza dakika 40 zangu, na abiria kumi na mmoja wamekaa kwenye boti wananitazama mgongo. Hilo peke yake lilitosha kunionyesha kwamba mambo yameharibika. Sikuliona.

Chomboni nilikuwa na makasha mawili ya kambakoche ya mfanyabiashara mmoja, wazima, wamefunikwa magunia yaliyoloweshwa. Nilikuwa na bibi mmoja anakwenda Lamu kwa daktari wa macho, wale madaktari wanaokuja kwa siku chache kisha wanaondoka. Na mtoto wa kiume wa miaka sita au saba, amekaa omo, kule mbele ya boti, na mamake.

Tukaingia Mkanda. Kisikizio sikioni, kengele ndogo inalia kila baada ya dakika moja kukukumbusha pumzi. Na kweli nilikuwa nimetulia! Nilijisikia mwepesi, kifua wazi, mkono kwenye mashine hata siuhisi. Yule mtoto akasema kwa sauti, "Mama, mbona ndege yule amesimama katikati ya bahari?"

Nilimsikia, kaka. Hili ndilo linaloniuma. Nililisikia kila neno lake. Kisha nikafanya nilivyofundishwa, nikaliacha lipite kama wingu, nikarudi kwenye pumzi.

Yangeyange akisimama ndani ya maji yakamfika magotini, hapo ni fungu la mchanga. Ami yangu aliyenifundisha chombo alinionyesha hilo nikiwa na miaka tisa. Tazama ndege, tazama mizizi ya mikoko, ukiona chaza wamebaki juu wakavu ujue maji yanakimbia, tazama rangi, maji yakipauka kata mashine. Vyote hivyo vilikuwa mbele yangu. Macho yalikuwa wazi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa kwenye pua yangu.

Tulipanda fungu kwa mwendo wote. Watu wakaangukiana, propela ikasaga mchanga, kitu ndani ya mashine kikalia kama mfupa unaovunjika, kisha kimya. Tukashika pondo, ule mti wa kusukumia chombo, wanaume tukashuka majini tukasukuma, wapi. Maji yalikuwa yanaondoka tukiyaona. Baada ya nusu saa boti imelala ubavu kwenye tope. Tumepwelewa.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa nne, jua la utosi, mpaka maji yalipopwa yote yakarudi tena. Kambakoche wakaanza kufa mmoja mmoja. Mwanzo mikia ilikuwa inapiga gunia, pa, pa, kisha milio ikapungua, kisha sikusikia tena. Mamake yule mtoto alimfunika kwa leso yake mwenyewe. Bibi akaniita. Nilidhani atanitusi, na ningelikubali tusi. Akaniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa umelala?"

Nikamwambia, "Hapana, bibi."

Akasema, "Basi ulikuwa wapi?"

Mashine ilinila 31,000. Kambakoche nililipa 46,000, kwa mafungu, miezi mitano. Hizo ni pesa, zilikwisha. Bibi alifika hospitalini alasiri, foleni imefungwa, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho na majina yamejaa. Alisubiri miezi kabla madaktari hawajarudi. Kila Ijumaa nilikuwa namwona barazani kwao ananyoosha mkono kupapasa kikombe cha kahawa kabla hajakishika.

Nikamweleza mwalimu yote. Unajua alivyonijibu? Kwamba sikuwa nimezama kwenye zoezi ipasavyo, nichukue kozi ya pili, 9,000. Nimezama zaidi ya pale wapi tena? Mtu hajawahi kushika chombo wala kuvuka Mkanda, na anawafundisha watu wa kazi za hatari namna ya kushika akili zao kazini! Najua kuna mtu hapa atasema kosa ni langu. La kuchelewa kutoka ni langu, nalibeba. Lakini lile "hasa kazini" ni lake, na hajawahi hata kuuliza bibi aliendeleaje.

Na alikuwa anatuuzia kwa takwimu. Kila wiki, "wanasayansi wamesema akili yako haipo karibu nusu ya maisha yako." Baadaye nikautafuta huo utafiti. Upo kweli. Ni wa 2010, wa Killingsworth na Gilbert wa Harvard, watu 2,250 walikuwa wanaulizwa kwa simu wakati wowote wakiwa macho, na katika asilimia 46.9 ya majibu akili ilikuwa imetangatanga. Sasa sikiliza walichoulizwa: je, unawaza kitu kingine mbali na hicho unachokifanya sasa? Hawakuulizwa kama wanaifuata pumzi. Mimi nilikuwa naendesha boti. Kuwaza pumzi ndiyo ilikuwa hicho kitu kingine. Nilikuwa nimelipa 6,500 ili akili yangu itangatange kwa mpangilio.

Hata haya mafunzo ya wiki nane yalivyoanza siyo hivi. Aliyeyaanzisha ni Jon Kabat-Zinn, 1979, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Zoezi lao mashuhuri ni la zabibu kavu moja: unaitazama, unaigeuza kwenye vidole, unainusa, unaitafuna polepole. Ukila zabibu, uko na zabibu. Sasa mwenye usukani awe na nini?

Ndiyo kanuni yangu, sina nyingine: akili yako ifunge kwenye kitu kilicho mikononi mwako. Ukishika usukani, pumzi yako ni barabara. Ni kile kitoto kinachochungulia nyuma ya mkokoteni, ni bodaboda anayekuja upande usio wake, ni mlio wa breki zako ulivyobadilika tangu jana. Ukiona akili imekimbilia kwenye deni, usiirudishe puani, irudishe kwenye kioo cha pembeni. Abiria akisema neno, lisikie. Hakuna wingu hapo.

Sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, haya tumefundishwa zamani, tukasahau. Khushui, ule utulivu wa moyo ndani ya sala, ina mahali pake. Unatia udhu, unaelekea kibla, jicho linatazama pa kusujudia, umesimama, huendi popote. Na msafiri kapunguziwa sala. Hakuna shehe aliyewahi kuniambia nisali sunna nikiwa nimeshika mkono wa mashine na watu kumi na mmoja nyuma yangu.

Siku hizi nikifika Mkanda nayataja ninayoyaona, kwa sauti, kama ami alivyokuwa akifanya na sisi tukidhani ni uzee. "Chaza juu. Maji meupe kushoto. Ndege wawili, mmoja anaogelea, mmoja amesimama." Abiria wamezoea, wengine wananisaidia kutaja. Nikitoka pale kichwa kimepoa kuliko dakika zote 40 nilizowahi kukaa ufukweni. Jaribu na wewe kutoka Barani: "Tuta. Mama na ndoo. Taa ya gari la mbele imewaka." Wiki moja tu. Utajua abiria alipandia wapi.

Ile pesa, kama hujalipa, usilipe kwa mtu anayekwambia usikilize barabarani. Kama umeshalipa, haya, sikiliza jioni, tuktuk imezimwa, ufunguo uko mfukoni, umekaa kitako. Watoto wakipiga kelele waache wapige. Na kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, nijibu hapahapa uniambie kisikizio umekiweka wapi.