Barua kwa mwanangu: seli ikiishiwa na nguvu

Mwanangu, marahaba. Huku hatujambo alhamdulillahi, joto tu ndo limezidi.

Umeniuliza mbona seli ikiishiwa na nguvu inaichukua AMP (mabaki ya ATP, ile molekuli inayobeba nguvu ya seli) na kuivunja, kwani mtu mwenye njaa humwaga unga? Halafu chini ukauliza mbona mjomba wako wa Likoni, na hiyo gauti yake (ugonjwa wa viungo kuvimba), daktari amemkataza hadi soda, na soda haina nyama inayosemwa kuleta gauti. Hayo mamangu ni swali moja, sikiza.

Seli haiangalii ATP peke yake, inaangalia uwiano wa ATP yenye fosfeti tatu, ADP yenye mbili na AMP yenye moja. Mwanabiokemia Atkinson aliiandika hesabu yake miaka ya 1960: chukua ATP, ongeza nusu ya ADP, gawanya kwa jumla ya ATP, ADP na AMP. Seli yenye afya hukaa kwenye 0.8 mpaka 0.95 hivi. Sasa shika kalamu. Tuseme una ATP 6, ADP 3, AMP 1, hiyo ni 7.5 kwa 10, yaani 0.75, imeshuka. Toa ile AMP moja. ATP hujaongeza hata moja lakini sasa ni 7.5 kwa 9, imepanda 0.83! Na si ya karatasi tu, kuna enzaimu yaitwa adenileti kinesi, inachukua ADP mbili inatoa ATP moja na AMP moja, na huwa inarudi nyuma pia, kwa hivo AMP ikirundikana kazi inakwama, ukiiondoa inasonga mbele na ATP inapatikana. Anayeiondoa ni AMP diaminesi, inainyofoa amonia inabaki IMP.

Lakini kabla haijavunjwa hiyo AMP ishapiga kelele, inaiamsha AMPK, enzaimu inayochunga nguvu ya seli, na AMPK inasimamisha utengenezaji wa mafuta na kolesteroli ili nguvu isipotee.

Hasara ipo, usidhani haipo. Kwenye msuli wa mtu anayekimbia mbio IMP hubaki mle mle, akipumzika inarudishwa kuwa AMP kwa aspateti (asidi amino) na GTP (ndugu ya ATP, nayo hubeba nguvu). Hapo kwenye GTP mi napapenda sana, manake AMP hutengenezwa kwa GTP na GMP, ambayo ndo hugeuzwa kuwa GTP, hutengenezwa kwa ATP, kwa hivo hakuna anayemkimbia mwenzake. Kuijenga purini (familia ya kina AMP na GMP) upya kutoka mwanzo ni ghali, ATP nyingi zinakwenda, ndo maana ADP ikizidi inaifunga enzaimu ya kuunda PRPP, malighafi ya kuanzia purini, pale mlangoni kabisa.

Sasa ini. Soda ni sukrosi na nusu yake ni fruktosi. Glukosi ina breki, ATP ikitosha enzaimu yake, fosfofruktokinesi, inapunguza kasi. Fruktosi ina enzaimu yake, fruktokinesi, na hiyo haina breki ya namna hiyo, inaichoma ATP bila kuuliza na fosfeti nyingi inanaswa kwenye fruktosi-1-fosfeti. Na ni hiyo fosfeti ndo ilokuwa ikiizuia AMP diaminesi! Ikishuka, AMP inavunjwa kwa kasi, IMP, inosini, haipozanthini, zanthini, mwisho asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana enzaimu ya kuimaliza asidi hiyo, sisi binadamu hatuna, ikizidi kwenye damu inaganda kama visindano kwenye kiungo, na hapo ndo dole gumba la mguu linavimba hadi shuka likiligusa mjomba anapiga ukelele.

Dawa yake ya alopurinoli inaifunga enzaimu ya hatua mbili za mwisho, zanthini oksidesi. Imetoka kwa kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, walopata Nobel 1988. Ni dawa nzuri, ila haizuii ini kuzivunja hizo AMP.

Kwa hivo ukimpigia simu mwambie na ile juisi ya muwa anayoinywa akisubiri feri aiwache. Yuasema eti hiyo si soda, ni ya asili, lakini sukari yake ni sukrosi ile ile, na mimi dadake hataki kunisikia, wewe atakusikiza.

Mamako