Shangazi, nataka kuvua sare nikafundishe

*Shangazi, mimi ni sajini hapa Kisumu. Nina miaka 38, nimekuwa polisi miaka 14, na mitano ya mwisho nimekaa dawati la jinsia. Nimemaliza uzamili wa sosholojia kwa masomo ya jioni, na sasa nataka kufundisha sosholojia ya familia chuoni. Mke wangu aliikuta barua ya kujiuzulu kwenye begi langu. Wiki mbili hanisemeshi. Tena naogopa wasomi watanicheka: afande anajua nini? – Afande Aliyechoka*

Afande mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye hilo begi. Unataka kuwaeleza watoto wa watu jinsi nyumba zinavyoamua mambo, na wa nyumbani kwako ameusoma uamuzi kwenye karatasi kama mshukiwa anayesomewa mashtaka! Kama mnakaa laini, zile nyumba za polisi, siku unayovua sare yeye ndiye anayefunga vyombo. Mwombe radhi kwanza. Kisha kaeni na hesabu: karo, mkopo wa sacco, kodi ya nyumba mpya.

Hesabu yenyewe si tamu. Sosholojia haifundishwi sekondari, kwa hiyo usibishe mlango wa TSC, tume inayoajiri walimu. Vyuoni nako, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mhadhiri awe na uzamifu. Kwa uzamili utaanzia chini, pengine kwa vipindi vya kulipwa kwa saa, na hela hizo huchelewa mpaka mtu anasahau alifundisha nini. Hata walioajiriwa vyuo vya umma hawana raha. Mwaka 2025 waligoma wiki saba.

Kwa hiyo barua hiyo irudi droo. Tafuta nafasi ya uzamifu, Maseno si mbali, usome ukiwa na mshahara. Omba ruhusa ya wakubwa kwa maandishi ufundishe somo moja wikendi. Ningekuwa wewe, ningeulizia pia nafasi ya ukufunzi Kiganjo, chuo cha polisi. Kuruta anayefunzwa vizuri kumpokea mama aliyepigwa ana faida kuliko mihadhara mingi ninayoijua.

Hilo la kuchekwa ndilo limenikera. Nani amekudanganya hujui kitu? Mama anakuja Jumamosi usiku, jicho limevimba, unamwandikia OB, kitabu cha matukio. Jumatatu anarudi na mama mkwe pembeni, anasema amesamehe. Polisi huuliza nani alianza, akafunga faili. Wewe umeshaona mkwe amekaa kiti gani, nani alijibu maswali, nani alishika pochi. Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja hata kuingiliwa na wakwe kuwa ukatili. Wengi wanaifundisha kutoka kitabuni tu. Wewe umemwona huyo mkwe.

Ila sikiliza. Ya mezani pako yabaki mezani pako. Kisumu ni ndogo. Ukibadilisha jina na kubakiza mtaa, mwanafunzi wa nyuma atamjua shangazi yake. Tumia kesi zilizo wazi kwa wote. Ile ya mazishi ya wakili S.M. Otieno itakulisha muhula mzima: mjane Wambui upande mmoja, ukoo wa marehemu, Umira Kager, upande wa pili, wakigombea kumzika, mwili mochari tangu Desemba 1986 hadi ukazikwa Nyalgunga Mei 1987. Waulize wanafunzi familia ya marehemu ilikuwa ipi, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, maana umezoea kutoa amri. Darasani ukimkatiza mtoto mara moja kwa sauti ya stesheni, hatauliza tena mpaka mtihani.

Leo jioni itoe hiyo barua kwenye begi, mbele yake. Uniandikie akishakusemesha, hata kama ni kukugombeza.

– Shangazi